Kondoo wa Pamba wa Mlima Moria

Gundi ya unga wa ngano ina harufu yake, na aliyekulia nyumba ya mwalimu anaijua. Unakoroga unga na maji baridi, unamwagia maji yaliyochemka, unakoroga tena hadi upate kitu kama uji wa mgonjwa. Ukishapaka na ikakauka, harufu haiondoki, inabaki humo ndani chachu kidogo, kama chapati iliyosahauliwa kwenye begi la shule. Mimi nilidhani nimeisahau. Juzi, wiki mbili baada ya kumzika Baba, Mama alinituma darini nishushe masanduku, na nilipousukuma ule mlango wa dari harufu ikanipokea usoni. Ilinibidi nikae palepale kwenye ngazi. Mtu mzima na watoto wangu wawili, nimekaa kwenye ngazi nimeziba pua.

Nyuma ya tangi la maji, umefungwa kwa leso ya zamani ya Mama, ulikuwa mlima.

Miaka yote hiyo niliamini Baba aliutupa. Niliamini uliondoka na gari la taka la mtaa wetu wa Ilford pamoja na mambo mengine ya mwaka ule, na kusema kweli nilishukuru. Kumbe alikuwa nao juu ya vichwa vyetu, juu ya vitanda vyetu, na hakusema kitu. Lakini huyo ndiye Baba. Hata kwenye wosia wake alisema azikwe hapahapa London, asipelekwe nyumbani, jambo ambalo watu wa kanisani walilishangaa sana, maana Mkenya akifa huku kazi ya kwanza ni kumrudisha. Hakutoa sababu. Sababu naijua, na nitaifikia.

Kabla ya kuja Uingereza Baba alikuwa mwalimu wa jiografia Wundanyi, juu kabisa kwenye milima ya Taita. Huku akawa mlinzi katika jengo moja la maofisi Croydon, akivuka London nzima kwa treni na tramu ili akawafungulie watu mlango. Hakulalamika. Ila Jumapili mchana, katika ukumbi ambao kanisa la Waingereza lilitukodisha wao wakishamaliza ibada yao, Baba alirudi kuwa mwalimu. Alivaa koti, akatia kalamu tatu mfukoni, akafundisha Biblia kwa watoto wanane waliokuwa wakimjibu kwa Kiingereza. Ukimjibu kwa Kiingereza alisubiri tu, ametulia, hadi urudie kwa Kiswahili. Ndiyo maana leo naweza kuandika haya.

Kwa Baba, Biblia ilikuwa nchi kabla haijawa kitu kingine. Huwezi kuelewa mtu alifanya nini, alisema, kama hujui alikuwa amesimama wapi na upepo unatoka upande gani. Basi mwaka ule nikiwa na miaka tisa akaamua kutujengea Mlima Moria. Wiki nzima meza yetu ya jikoni haikuliwa chakula. Tulichana magazeti, tukayachovya kwenye gundi, tukayapachika juu ya waya wa kuku ambao Baba aliuokota mahali fulani, na mikono yetu ikawa na magamba meupe hadi kwenye kiwiko. Kaka yangu Mwakio, aliyekuwa na miaka kumi na minne na hakupenda tena kukaa nyumbani, hata yeye alikaa siku mbili akichana magazeti. Alisoma kwanza habari za mpira, kisha akazichana.

Ukumbini Baba alitueleza mlima ule kama mtu anayeeleza shamba la babake. Kwanza tusidanganyike na jina, alisema. Moria ni kilima tu, hakifiki hata nusu ya Vuria yetu ya Taita. Mashariki yake kuna bonde la Kidroni, na ng'ambo ya bonde uko Mlima wa Mizeituni ambao ni mrefu kuushinda. Magharibi palikuwa na bonde jingine, siku hizi limefukiwa na vifusi vya miji iliyojengwa na kubomolewa. Kusini, kwenye mteremko, ndipo ulipokuwa mji wa Daudi. Juu kileleni palikuwa na uwanja wa kupuria ngano wa mtu aitwaye Arauna, kwa sababu mpuraji hutafuta mahali penye upepo ili makapi yaende zake. Hapo Sulemani akajenga hekalu. Wababeli wakaja wakalichoma, watu wakarudi wakalijenga, kisha Herode akaja na makuu yake akazungusha kuta nene, akajaza vifusi na matao hadi kilele kikawa bapa kama meza. Warumi nao wakabomoa hekalu la Herode. Leo pana kuba la dhahabu, na Waislamu wanapaheshimu sana, na Wayahudi wanaomboleza chini ukutani, na Wasamaria wanawacheka wote kwa sababu wao wanasema Ibrahimu hakufika hapo hata kidogo, alipanda Mlima Gerizimu.

"Na ukienda leo," Baba alisema, "mlima wenyewe huuoni. Unaona kuta. Mlima uko chini, umefunikwa."

Kwa hiyo mlima wetu ulikuwa na kifuniko. Baba alikata kadibodi, akaipaka rangi ya mawe, akaandika pembeni kwa herufi zake za ubaoni: Herode. Ukikiinua kifuniko unaona kilima cha zamani, cha siku za Ibrahimu, na Ibrahimu mwenyewe wa udongo wa kuchezea akiwa na kisu cha kijiti cha kiberiti, na Isaka amelazwa juu ya kuni. Kando yao palikuwa na kichaka cha waya wa kusugulia sufuria, na ndani ya kichaka, amenasa pembe, kondoo dume wa pamba. Pamba aliitoa Mama kazini kwake, kwenye nyumba ya wazee alikohudumia vikongwe wa Kiingereza. Pembe nilitengeneza mimi kwa kamba ya viatu. Ni mimi niliyemtengeneza yule kondoo, na nilimpenda kuliko doli yoyote.

Siku ya somo niliuliza swali. Niliuliza, je, kama Isaka angejua tangu nyumbani? Baba alisubiri nikarudia kwa Kiswahili, akacheka.

"Angejua angekimbia," alisema. "Na angekimbia, kondoo angekosa kazi."

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Niliyachukua maneno yale kama nilivyochukua kila neno lake la ubaoni: Kidroni iko mashariki, mpuraji hutafuta upepo, mtoto akijua kondoo haji. Mwakio, aliyekaa nyuma akitafuna ubani, aliuliza walipokuwa wakishuka mlimani baba na mwana waliongea nini. Baba akafikiri, akasema haikuandikwa. Mwakio akasema basi hawakuongea.

Sasa, ninyi wa rika langu mliolelewa huku, hakuna haja niwaeleze tishio lile. Kila nyumba ya Mkenya ilikuwa nalo. Ukivunja sahani, ukijibu vibaya, ukichelewa: nitakurudisha nyumbani. Tulilizoea kama mvua. Na kila mmoja wetu alikuwa na binamu au rafiki wa kanisani ambaye aliambiwa anakwenda likizo kumsalimia nyanya, akapanda ndege na miwani ya jua kichwani, na Septemba ilipofika kiti chake shuleni kikawa kitupu. Watu wazima walilizungumza jambo hilo kama dawa chungu. Amepelekwa akanyooshwe, walisema, na atawashukuru baadaye. Ufundi wake ulikuwa mmoja tu: mtoto asijue. Mtoto akijua hapandi ndege.

Baba hakuwa mkatili, na ninataka lieleweke, hata leo ambapo nina hasira naye. Mwakio alianza kurudi usiku. Polisi walimleta nyumbani mara mbili. Kijana mmoja wa shule yao alichomwa kisu kwenye kituo cha basi, nasi tulimjua, mamake alinunua samaki dukani tulikonunua sisi. Kisha siku moja Mama akageuza godoro la Mwakio ili atandike shuka safi, akakuta soksi, na ndani ya soksi kisu ambacho hakikuwa cha jikoni kwetu. Mwakio alisema anamwekea rafiki. Mama alikaa juu ya lile godoro tupu na soksi mapajani, na Baba alisimama mlangoni na sare yake ya ulinzi, na hakuna aliyepiga kelele. Tangu siku hiyo walianza kuongea Kitaita wao kwa wao, lugha ambayo sisi hatukuijua.

Lakini mimi nilikuwa na macho. Tiketi zilikuja kwenye bahasha, Baba akaziacha juu ya friji, nami nikapanda kiti. Ya Baba ilikuwa na safari mbili, kwenda na kurudi. Ya Mwakio ilikuwa na moja. Kisha Mama akaanza kushona.

Alishona mchana, Mwakio akiwa nje. Alikuwa na soksi mpya za kijivu, sweta mbili, mashuka na blanketi mbili, na kila kimoja alikishona jina kwa uzi mwekundu, M. na jina la ukoo, kama wanavyofanya watoto wa bweni. Macho yake yalikuwa yamechoka kwa shifti za usiku na hakuweza kupitisha uzi kwenye sindano. Alinipa mimi. Nilitunga uzi, nikamrudishia, akashona jina moja, akakata, akanipa tena. Kila aliponipa sindano alinitazama usoni kidogo, kisha akaangalia dirishani. Nilidhani anaangalia kama Mwakio anarudi. Hatukusema neno, na kazi ile ilituchukua mchana wa siku tatu.

Siku tatu. Mnaona nilivyokuwa nikihesabu. Baba alisema safari yenyewe ni siku tatu: siku ya ndege, siku ya basi kutoka Nairobi hadi Voi, siku ya kupanda milima hadi kwa Nyanya. Kule juu hewa ni safi na hakuna mbu, alisema mezani, na Mwakio akasema vizuri, wiki tatu bila mbu. Mimi nikaweka kijiko chini. Niliijua hadithi hii. Nilijua kila hatua yake, nilikuwa nimeipaka gundi kwa mikono yangu.

Chini yetu, kwenye nyumba hiyohiyo, alikaa Bi Zuwena, mzee wa Unguja aliyekuja huku miaka ya baada ya Mapinduzi. Mama akilala baada ya shifti, mimi nilishinda kwake. Alikuwa na sinia la mchele mapajani saa zote, anachambua mchele ambao tayari umechambuliwa kiwandani, kwa sababu mkono wake haukuweza kukaa bure. Nilimweleza habari za Moria na mlima wetu na kifuniko chake. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba kwao mtoto ni Ismaili, na kwamba kuna jingine ambalo Baba hakunifundisha.

"Sie kwetu mtoto aliambiwa," alisema. "Babake alimkalisha akamwambia, mwanangu, nimeota hivi na hivi, wewe waonaje? Akamuuliza. Mtoto akaridhia mwenyewe."

Nikamwambia kwamba mtoto akiambiwa atakimbia. Bi Zuwena akaokota kijiwe ambacho hakikuwepo. Akasema yeye alikuwa na miaka kumi na mitatu babake alipomwambia anakwenda Mombasa kwa shangazi wiki mbili, akamnunulia na viatu vipya vya kutembelea. Babake hakumwona tena wala Unguja hakuiona tena. Angemwambia, alisema, angelia, angeshika nguzo za mlango. Lakini angemuaga. Aliniangalia muda mrefu kwa macho yake yenye ukungu, na mimi leo nina hakika kwamba alikuwa amesikia mambo ya nyumba yetu kupitia dari, masanduku yakiburutwa na Mama akilia bafuni.  Alisema tu mtoto huambiwa, mjukuu wangu, hata kama atalia huambiwa.

Nilipanda ngazi kurudi kwetu nikiwa na dini mbili tumboni. Moja ilisema sema, na nyingine ilisema ukisema unamfukuza kondoo. Ya pili ilikuwa ya Baba, na Baba alikuwa mwalimu.

Siku mbili kabla ya safari Mwakio alinikuta chumbani nikisoma. Akafunga mlango, akakaa sakafuni, magoti yake marefu yamemfika kidevuni. Aliniuliza kwa Kiingereza, kama tulivyozoea tukiwa wawili, kama kuna jambo. Mama analia, alisema. Baba amemnunulia peremende. Baba hajawahi kumnunulia peremende. Aliniuliza kama najua kitu.

Nilimwambia sijui.

Aliniangalia kidogo, akanivuta sikio, akasema sawa. Akaniachia redio yake ya kaseti nimtunzie wiki tatu, na akaniapisha nisiguse kaseti ya bluu. Nilipoona ameondoka nikaenda jikoni, nikainua kifuniko cha Herode, nikamtoa kondoo kwenye kichaka. Waya ulinikwaruza kidole. Nikaenda kwenye sanduku la Mwakio, ambalo Mama alilipanga na kumkataza asilifungue njiani, nikainua kifuniko, nikamlaza kondoo katikati ya soksi za kijivu, juu kabisa, mahali ambapo mtu akifungua tu atamwona. Si kwamba nilikuwa nacheza. Mimi nilijua wanakwenda mlimani kweli, na mlima ule wa kweli sikujua kama una kichaka. Nilimpeleka kondoo ili awepo.

Asubuhi ya safari Mwakio alishuka ngazi amebeba sanduku mwenyewe begani, akikataa kusaidiwa. Baba alimfuata na bahasha za karatasi. Bi Zuwena alitoka mlangoni kwake na kanga kichwani, akamshika Mwakio uso kwa mikono miwili, akamsomea dua ndefu hadi Mwakio akaona haya. Mama hakushuka. Mimi nilisimama dirishani, naye akageuka akanipungia mkono wote, kama mtu anayefuta ubao.

Baba alirudi baada ya wiki tatu, peke yake, na vumbi jekundu kwenye viatu. Aliweka mezani korosho, majani chai, na pasipoti mbili. Moja ya buluu nzito, yake. Moja ya rangi ya damu ya mzee, ya Mwakio. Aliziangalia kama mtu aliyechukua kitu dukani kwa makosa, kisha akatia ile ya pili kwenye mfuko wa ndani wa koti, na sikuiona tena. Nikakimbilia kwenye mlima nikainua kifuniko. Kichaka kilikuwa kitupu, na mimi nikafurahi, jamani. Nilidhani maana yake ni kwamba kondoo yuko kazini.

Barua ya Mwakio ilikuja mvua za vuli zilipoanza kwao. Ilikuwa ya kwangu, jina langu peke yake juu. Aliandika kwamba maji ya kuoga ni ya barafu, kwamba wanamwita Mwingereza na wanamcheka Kiswahili chake, kwamba mwalimu wa bweni alimnyang'anya miwani. Aliandika kwamba alipofungua sanduku alitafuta kama nimemwekea hata karatasi moja, akakuta soksi tu, mchoyo wee. Na mwisho, kabla ya jina lake, aliandika: najua wewe hukujua, maana ungeniambia.

Nilimjibu. Nilimwandikia habari za mpira, mabao yote, nikaandika kwamba sijagusa kaseti ya bluu. Na nikaandika kwamba ni kweli, sikujua.

Muhula wa pili alitoroka. Alishuka milima kwa miguu hadi Voi, kwa sababu mvulana mmoja bwenini alimwambia kwamba ukifika Mombasa kuna ofisi ya Waingereza, ukisema jina lako na ulikozaliwa watakupa pasipoti nyingine. Hakuwa na nauli ya kumfikisha Mombasa. Alilala kituo cha mabasi siku nne, kule chini kwenye joto na mbu, na mama mmoja wa kibanda akampa chai na mahamri hadi Shangazi, dada yake Baba, alipompata. Wakamrudisha shuleni, akaadhibiwa. Wiki mbili baadaye akasema anaumwa kichwa. Alikuwa amesema anaumwa mara nyingi tangu afike, kila mara akidai arudishwe London, kwa hiyo hakuna aliyeharakisha, na zaidi ya hayo kule juu hakuna mbu, kila mtu anajua, malaria ni ugonjwa wa watu wa chini. Damu yake ya Ilford haikuwa na ngao yoyote. Alipofikishwa hospitali alikuwa haongei tena.

Simu ilikuja mchana, nikiwa mezani na kazi ya hesabu. Baba alisikiliza, akasema ndiyo, akasema ndiyo tena, akaweka simu mahali pake taratibu kama inayoweza kuvunjika. Kisha akaenda akavaa koti lake la kufundishia, na kalamu zake tatu, akakaa kwenye kiti nalo limefungwa vifungo vyote. Mama alitoka chumbani akamwona amevaa vile, akajua. Sauti aliyoitoa sitaieleza.

Walikwenda kumzika, mimi wakaniacha kwa Bi Zuwena. Hakunikumbusha alichoniambia. Alinilisha, alinisuka, aliniacha nilale na sinia lake la mchele miguuni pangu. Ningependa angenilaumu. Waliporudi Baba hakufundisha tena Jumapili, alikaa nyuma ya ukumbi karibu na mlango, kama mlinzi. Mlima ulikuwa haupo. Hakuna aliyeuliza uko wapi, na jina la Mwakio likawa kitu tunachokizunguka kama fenicha. Tulikaa hivyo, Baba na mimi, hadi nikaolewa, hadi akazeeka, hadi nikawa namkata kucha hospitalini. Mara moja tu, siku za mwisho, nilimuuliza kwa nini hataki kuzikwa nyumbani. Alisema kule mlimani alishapeleka mmoja na hakumwambia ukweli, sasa aende akalale kando yake amwambie nini.

Basi huo ndio uliokuwa darini, juzi, umefungwa kwa leso. Nilifungua fundo. Magazeti yalikuwa yamekauka na kupasuka, bonde la Kidroni limemong'onyoka, lakini maandishi ya Herode bado yalisomeka. Nikainua kifuniko. Ibrahimu alikuwepo, mkono na kijiti chake juu. Isaka alikuwepo. Na kwenye kichaka kitupu, imeegemezwa wima, ilikuwa pasipoti ya rangi ya damu ya mzee. Niliifungua kwenye picha. Kaka yangu ana miaka kumi na minne na amekasirishwa na mpiga picha. Juu ya uso wake, amebanwa bapa, alikuwa kondoo wa pamba na pembe zake za kamba ya kiatu.

Nilikaa pale hadi miguu ikafa ganzi, nikipanga mambo moja baada ya jingine kama Baba alivyotufundisha. Mwakio alifungua sanduku akakuta soksi tu. Pasipoti ilirudi na Baba. Kwa hiyo ni Baba aliyefungua sanduku kwanza, kule kwa Nyanya, kabla hajamkabidhi mtoto, na juu ya soksi akakuta kile nilichomwekea. Alijua mara moja ni cha nani na kinamwomba nini. Kondoo alifika, basi. Alifika mlimani siku ya tatu, kwa wakati wake, na Baba akamwona kwa macho yake. Akamtia ndani ya pasipoti, akatia pasipoti mfukoni, akashuka.

Mama aliita kutoka chini akauliza nimepata nini huko kinachonikalisha. Nilishuka nao, mlima mkono mmoja na pasipoti mkono mwingine, nikaviweka mbele yake kwenye meza ileile. Mama ana miaka themanini kasoro. Alimshika kondoo kwa vidole viwili na hakuuliza ni nini.

"Mama," nilisema, "mimi nilijua. Nilijua kabla hawajaondoka."

Alimlaza kondoo mapajani, akaanza kumnyoosha pamba, polepole, kama mtu anayemwamsha.

"Najua ulijua, Wakesho. Si wewe uliyenitungia uzi?" alisema. "Kila nilipokupa ile sindano nilimwomba Mungu useme neno moja tu, nipate sababu ya kuacha kushona."